Mistari Mitatu ya Kabonga

Jumanne, 2 Septemba 2025

Nimeamka na hamu ya kufagia. Nyumba mdogo wangu Sikuzani alikwisha kuifagia kabla sijafumbua macho, kwa hiyo nimebaki na Ndagara. Kila nikifungua msimbo wake naona uchafu – mistari iliyokufa, majina yasiyosema kitu, jambo moja limeandikwa mara tatu na watu watatu ambao hawakuulizana.

Mwalimu mmoja alikuja dukani kutoa fotokopi, akachungulia skrini, akauliza Ndagara ni nini. Nikamwambia ni programu ya kutumiana ujumbe, tumeiandika wenyewe, watu wachache, kwa ajili ya pwani hii ya ziwa ambako rezo, mtandao wa simu, inakuja na kuondoka inavyotaka. Unatuma picha au sauti, inakatwa vipande vidogo, vinakwenda kimoja kimoja. Rezo ikikatika, vinasubiri. Ndiyo sababu ya jina, maana ndagara, dagaa wa ziwa letu, nao ni wadogo na wanakwenda kwa kundi. Akauliza nani anaitumia. Wavuvi, nikasema, kuanzia Muhuta mpaka Kabonga. Wauza mawese. Mama yangu. Akachukua karatasi zake akaenda, hakuiomba.

Anselmo, mkubwa wetu kule Bujumbura, ameniachia sehemu yote ya kutuma mafaili. Kasema nifanye usafi mdogo mdogo, nisivunje kitu. Kana kwamba mimi ni mvunjaji!

Jumatano, 3 Septemba 2025

Mistari arobaini na moja nimefuta. Hakuna kilichoharibika. Kulikuwa na kitu kinaitwa "x2", nimekipa jina la "kipande kinachofuata", na kwa ajili ya jina hilo nimekuwa na furaha kutwa nzima. Mtu akisikia atasema sina akili.

Sikuzani alipita na ndoo, akainama kutazama. Kasema nafagia ndani ya mashine wakati masufuria yananingoja uani. Kisha masufuria akayaosha yeye.

Siku kumi na sita. Ijumaa ya tarehe 19, baada ya sala, anaolewa na Shafii. Shafii ana duka la vitambaa Kigoma, kwa hiyo anamchukua Kigoma. Sina neno na Shafii. Mtu mpole, anasalimia vizuri. Anaongea taratibu mno, lakini hilo si kosa.

Yaani, anaolewa kama Baba atakubali. Watu wa Shafii walipoleta posa mwezi wa nne, waliipeleka kwa Baba Mkubwa Feruzi, hapa hapa Rumonge, kwa kuwa ni karibu na kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo. Baba anakaa Kabonga na mke wake wa pili, anatengeneza mashine za mitumbwi. Habari za posa ya binti yake mwenyewe alizisikia mwaloni, kwa wachuuzi wa samaki! Tangu siku hiyo hajatamka jina la kaka yake. Miezi mitano. Hakukataa, hakukubali. Ukimuuliza habari za ndoa anakujibu habari za mashine.

Na shehe wetu kasema wazi: baba yu hai, yuko mwendo wa saa mbili tu, yeye hawezi kumruka. Aje mwenyewe, au kama hataki kuja, atoe uwakala kwa sauti yake mbele ya mashahidi wawili, amtaje Feruzi kuwa ndiye atakayeozesha kwa niaba yake. Sauti itatosha, kasema. Karatasi ya kuandikiwa na watu hataki.

Sasa mwambie Baba amtaje Feruzi.

Ijumaa, 5 Septemba 2025

Nimekuta mistari mitatu ya ajabu. Aliiandika mwenzetu Nestori miaka minne iliyopita, kabla hajahamia ng'ambo na kuacha kujibu watu.

Iko hivi. Programu ikikuta faili yenye saa ya mbele – simu inasema ni saa nane, faili inasema ilitengenezwa saa tisa – inaihesabu kuwa mbovu, inaifuta isije ikaziba foleni. Sawa kabisa. Lakini mistari ya Nestori inasema: kama imetangulia kwa saa moja tu, iache ipite. Na pembeni kaandika, "Usiguse. Kabonga."

Usiguse kwa nini? Kabonga imefanya nini? Mtu anaandika maneno mawili, anapanda ndege, sisi tubaki kuyaheshimu kama kaburi. Faili haiwezi kutengenezwa saa ambayo haijafika. Nimecheka peke yangu dukani, mteja akanitazama.

Nilimwandikia Nestori asubuhi. Kimya. Nikamwandikia Anselmo. Kajibu kwamba kama naona haina kazi niitoe, sehemu hiyo mimi ndiye ninayeijua.

Nimeitoa. Sehemu nzima sasa inasomeka vizuri, mtu anaweza kuipita na macho bila kujikwaa.

Jumapili, 7 Septemba 2025

Toleo jipya lilitoka jana. Nimepita kwenye simu zote za nyumbani, zote zimelichukua. Na kule Kabonga pia, naiona kwenye orodha simu ya Mwalimu Meshaki. Ni jirani ya Baba. Simu ya Baba ni ya vitufe tu, haipokei Ndagara, kwa hiyo ujumbe wetu unapita kwa Meshaki.

Mama kampigia mke mwenzake. Hawa wawili hawajawahi kuvuka salamu. Leo wameongea dakika ishirini, Mama amegeukia ukuta, anasema tu "ndiyo, dada, ndiyo". Alipomaliza hakutuambia kitu, alikwenda kuchambua mchele ambao ulikuwa umekwisha kuchambuliwa.

Sikuzani kapanga nguo zake kitandani mafungu mawili, za kwenda nazo na za kuniachia mimi. Fungu langu lilikuwa kubwa. Nikamwambia sitaki masalio yake. Akacheka, akaongeza na blauzi ya kijani.

Nimetoka nje. Nimerudi. Nimetoka tena. Nimefungua kompyuta, nimeifunga. Kitanda kimoja kitakuwa wazi na mimi nitakuwa na miaka thelathini na mbili, Mama na magoti yake, na duka la fotokopi. Haya, basi! Watu wanaolewa, ndiyo dunia.

Jumatano, 10 Septemba 2025

Baba kasema!

Mwalimu Meshaki kapiga simu alasiri. Kasema Baba alikuja kwake baada ya sala ya adhuhuri, amevaa kanzu, na wazee wawili wa msikiti wa kule. Akaomba simu. Akaketi. Akakaa kimya mpaka Meshaki akadhani kabadili nia. Kisha akasema yote, bila kusita: jina lake, jina la binti, mashahidi wakataja majina yao. Na akamtaja kaka yake. Si "Feruzi" tu – kamwita kwa jina la utotoni, jina ambalo Meshaki hakulishika vizuri, na kasema maneno juu ya baba yao, na kwamba ndugu wawili hawawezi kuzeeka bila kusalimiana. Wazee walifuta macho. Halafu Baba akarudisha simu, akarudi kwenye mashine zake.

Mama alianguka kusujudu pale pale uani. Sikuzani alinikumbatia, akaniachia unga wote wa mikono yake mgongoni.

Na kwenye simu yangu, kweli, imeandika: sauti inakuja kutoka kwa Meshaki, dakika mbili na sekunde kumi na nne. Hakuna kipande kilichofika bado. Rezo ya kule. Vitakuja.

Alhamisi, 11 Septemba 2025

Havijaja.

Nimetazama simu mara mia. Nimeipeleka juu ya tangi la maji, nimeizima, nimeiwasha. Saa nne Meshaki kapiga kusema kwamba kwake pia haipo. Jana aliiona kwenye foleni, baadaye akaangalia, foleni tupu, akadhani imekwenda.

Haikwenda. Na sauti iliyorekodiwa ndani ya Ndagara haina nakala nyingine, inakaa vipande vipande mpaka ifike. Tuliifanya hivyo wenyewe ili kuokoa nafasi kwenye simu ndogo.

Niliposikia kwamba haipo, nilishusha pumzi. Naandika tu kama ilivyokuwa. Pumzi ilishuka, kisha ndipo nikaogopa.

Ijumaa, 12 Septemba 2025

Siku mbaya.

Mama alimwomba Meshaki ampelekee Baba simu ili aseme tena. Dakika mbili tu, hata moja. Tuliweka sauti ya nje, tulikuwa wote sebuleni, na Baba Mkubwa alikuwepo, kafika na kofia mpya. Tulimsikia Baba anavuta pumzi. Kisha:

"Miye nilisema mara moja. Haikufika, basi Mungu hakupenda. Siko nagombana na Mungu, mama Salima."

Akarudisha simu kwa mwenyewe. Ndiyo hivyo. Meshaki kajaribu kumsihi, tulisikia nyundo inagonga chuma.

Baba Mkubwa alivua ile kofia akaiweka gotini. Kasema ndugu yake hajabadilika, tangu utoto alikuwa akitoa kitu kwa mkono huu na kukirudisha kwa mkono ule. Kasema anavyoona yeye hakuna kilichosemwa Kabonga. Sauti ingekuwepo ingefika, mbona picha za samaki zinafika kila siku? Nilifungua mdomo kumwambia kuhusu jina la utotoni. Lakini Meshaki hakulishika lile jina, na mimi ningesema nini.

Sikuzani hakulia mbele yao. Alilia jikoni, akaniambia polepole kwamba Baba anatuchezea, kawaambia wale wazee wakubali tu, kavaa kanzu kwa ajili ya maonyesho. "Hakusema kitu, da Salima. Tungesikia."

Watu wa Shafii wameshasikia. Wanauliza kwa adabu kama tarehe inabaki.

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Sikuweza kukaa. Kabla ya kufungua duka nilimpigia Meshaki, nikamwongoza hatua kwa hatua hadi kwenye daftari la ndani la programu, mahali inapoandika kila inachofanya. Nikamwambia apige picha aitume kwa njia yoyote. Imefika saa tatu.

Mstari mmoja tu ulitosha. Jumatano, saa nane na dakika tano. Sauti ya dakika mbili na sekunde kumi na nne. Imetengenezwa saa tisa kasoro mbili. Saa ya mbele. Imefutwa.

Nimeusoma nimesimama. Nikampigia tena Meshaki, nikamuuliza imekuwaje saa tisa kasoro mbili wakati ilikuwa saa nane. Meshaki akaona ni swali la mtoto. Akanijibu kwa upole wa kiwalimu:

"Hapa kwetu mpakani simu ikishika rezo ya Tanzania, saa inaruka inaenda mbele. Ikirudi ya Burundi, nayo inarudi. Batu wote wanajua. Bon, miye natumia saa ya ukutani."

Wote wanajua! Na mimi je, sijui? Nimekwenda Kigoma mara ngapi, kila mara nikivuka nasogeza saa moja mbele, nikirudi nairudisha. Mtu wa Rumonge asiyejua hilo hayupo. Na ujinga wa zamani wa Ndagara ni huo, inasoma saa inayoonekana usoni mwa simu badala ya saa ya dunia, ambayo ni moja kila mahali. Nestori aliliona. Aliziba kwa mistari mitatu, akaandika jina la mahali, akaomba isiguswe.

Sauti ilirekodiwa simu ikiwa imeshika mnara wa Tanzania. Dakika chache baadaye ikarudi kwetu, ikakuta faili ya saa ambayo haijafika. Ikaifuta. Ilifanya nilichoiambia.

Mungu hakuwepo kwenye jambo hilo. Ni mimi.

Jioni

Nimejaribu kuirudisha. Nimemwomba Meshaki asiiguse simu, asipige picha wala asipokee kitu. Kasema tangu Jumatano ameshapokea mafaili ya mtihani ya darasa zima na video mbili za harusi ya shemeji yake. Nilimwelekeza anachoweza kujaribu, tulihangaika mpaka jua likazama. Hakuna. Mafaili hayo mapya yamekwisha kuandikwa juu yake.

Jumapili, 14 Septemba 2025

Mistari mitatu nimeirudisha. Nikaongeza maelezo marefu, kwa nini ipo, Kabonga iko wapi, minara miwili inagombania nini, ili asije mtu mwingine msafi kama mimi akaitoa. Kisha nikaandika tangazo kwa wenzangu. Mara ya kwanza niliandika "marekebisho madogo". Nikalitazama neno hilo, nikalifuta. Nikaandika kwamba niliondoa kinga bila kuelewa kazi yake, na kwamba sauti ya mtu imepotea, haitarudi.

Anselmo kapiga simu, hakukasirika. Kasema yeye ndiye aliyeruhusu. Kasema hutokea. Nilitaka anigombeze, ningepumua.

Kumwambia Anselmo ni rahisi. Hapa nyumbani nimejaribu mara nne. Ya kwanza Mama alikuwa anasali. Ya pili Sikuzani alikuwa na majirani, wanamshonea. Ya tatu hakukuwa na sababu yoyote, tulikuwa wawili tu, anakata vitunguu, nikasema, "Sikuzani," akasema, "Abee," nikasema, "Chumvi iko wapi?" Ya nne siiandiki.

Na muda wote huo wanamsema Baba. Majirani wamepata la kusema. Mzee Asmani mwongo, Mzee Asmani ana kiburi, kavaa kanzu kudanganya wazee wa msikiti. Baba, ambaye alikaa kimya miezi mitano na siku aliyofumbua mdomo alisema kila kitu! Na Baba Mkubwa anaitikia kwa kichwa. Jina lake la utotoni liko wapi? Nimelifuta. Nimelisafisha.

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Nimesema.

Asubuhi, kabla ya chai, Mama na Sikuzani wote wawili. Nilifikiri nitaeleza juu ya minara na saa. Nilieleza vibaya, nikarudia, Mama akasema hafahamu habari za minara, aambiwe tu Baba alisema au hakusema. Alisema, nikajibu. Alisema yote. Mimi ndiye niliyeifuta, bila kujua.

Mama akaweka kikombe. "Murakoze," kasema, taratibu, kama unavyomshukuru mtu dukani, akaenda chumbani. Sijui bado ilikuwa shukrani ya nini. Pengine ya kumrudishia mumewe.

Sikuzani ndiye aliyeniogopesha. Hakupandisha sauti. Kaniuliza ni lini nilijua. Jumamosi, nikasema. Akahesabu kwa vidole.

"Juzi, jana. Siku mbili niko namtukana Baba yangu, weye unanisikiliza."

Akasema niende Kabonga nikamwambie mwenyewe, kwa mdomo wangu, si kwa simu. Simu kachoka nazo. Kisha akaanza kukunja nguo zilizokuwa zimekunjwa. Blauzi ya kijani kairudisha kwenye fungu lake.

Baba Mkubwa nimemwendea adhuhuri. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu, kama ni kweli Baba alimwita kwa jina la utotoni. Nikamwambia Meshaki alilisikia lakini hakulishika. Akataja jina, kwa kunong'ona, kuniuliza kama ndilo hilo. Sijui, Baba Mkubwa. Sikusikia hata neno moja.

Anaweza kwenda mwenyewe kumsalimia mdogo wake, nikamwambia. Kasema anasubiri kuitwa. Wote wawili wametoka chungu kimoja.

Mafuta hakuna, magari machache. Nimepata nafasi kesho alfajiri kwenye kamioneti ya chumvi inayokwenda Nyanza-Lac.

Jumanne, 16 Septemba 2025, Kabonga

Naandikia kwenye ukingo wa karakana ya Baba, nimekalia pipa. Ni kibanda cha mabati, sakafu ya mchanga mweusi wa mafuta. Mwandiko mbaya.

Nilifika kabla ya adhuhuri. Mke wake alinipokea vizuri, akanipa maji, akaniita mwanangu. Baba hakushangaa kuniona. Alikuwa kafungua mashine ya mtumbwi, vyuma vyote kavipanga juu ya gunia kwa mpangilio wake. Nikataka kusaidia, nikainua kimoja kukifuta.

"Usiguse hicho," kasema. Nikakirudisha haraka mno. Akanitazama.

Nikamweleza pale pale, nimesimama. Nilikuwa nimejiandaa kwamba hatafahamu, lakini alifahamu kuliko wote. Habari za saa kuruka anazijua, anaishi nazo, wavuvi wake wanagombania saa za kuondoka kila siku. Aliniuliza mistari ilikuwa mingapi. Mitatu. Akauliza kama aliyeiandika aliacha alama. Aliacha, aliandika usiguse. Akauliza kwa nini basi nikagusa. Nikasema nilidhani najua.

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Kumbe haikuwa Mungu," kasema.

"Ilikuwa miye, Baba."

Nilimwambia wanavyomsema Rumonge, na kwamba nimekwisha kumsafisha kwa Mama, kwa Sikuzani, kwa Baba Mkubwa. Kwa neno hilo la mwisho alishtuka kidogo. Akauliza Feruzi kasemaje. Nikamwambia ukweli: alitaja jina kwa kunong'ona, akaniuliza kama ndilo. Baba akageuza uso upande wa ziwa. Nilidhani tumemaliza. Nilitoa simu mfukoni, nikaanza kumwambia kwamba nimeleta simu yangu, mistari imerudi, wazee wawili wanaweza kuitwa, ni dakika mbili tu, na safari hii nitaibeba mimi mwenyewe mkononi hadi kwa shehe.

Hakuitazama simu. Alinitazama mimi. Kasema yale maneno aliyatafuta miezi mitano, na hajui kama yako bado. Kasema huenda yako. Lakini kwanza ana swali, na nijibu kama mtu anayejibu baba yake.

"Ilipopotea ile sauti. Kabla hujajua ni weye. Ulifurahi?"

Mwadhini akaanza. Alasiri. Baba hakunisukuma. Akachota maji, akaanza kutawadha, anasugua mafuta ya mashine kwenye viwiko, hayatoki. Alipokwisha kasema nimjibu akirudi, halafu ndipo tutaangalia habari za hiyo simu. Akaenda.

Kwa hiyo niko hapa. Mke wake kaja kuniuliza kama nitakula, nikasema baadaye. Nimesimama, nimeketi. Ningeweza kusema hapana. Nani atajua? Ni neno jepesi, anarudi, anawaita wazee, kesho niko Rumonge na sauti, Ijumaa Sikuzani anaolewa na ananisamehe. Neno moja! Na nikisema ndiyo, huenda atakunja uso, aseme basi, nyumba ambayo dada anafurahia kuharibika kwa ndoa ya mdogo wake haina haja ya uwakala. Au hatasema hivyo. Simjui kiasi hicho. Anakaa mbali tangu nina miaka kumi na nne.

Lakini aliniuliza hivyo akijua. Anamjua mtu anayekaa kimya kwa sababu kuna anayemchukulia kitu chake. Hata swali lenyewe hakuliuliza kwa ukali.

Sala imekwisha. Wanatoka. Wale wazee wawili wako naye, nadhani ndio wenyewe, mmoja ana fimbo. Anavaa viatu. Wanakuja huku wote watatu, anawaeleza jambo, haharakishi.

Nilifurahi. Nimeliandika hapa kwanza nione kama mkono utakubali. Umekubali. Pumzi moja tu, Sikuzani, lakini nilifurahi, na sasa wameshafika kwenye mlango wa mabati, Baba kawavutia wazee viti, anasema, "Haya, mwanangu," na mimi bado nimeshika kalamu. Naiweka chini nimjibu kama nilivyoandika.